Onam ni Siku Moja, Darasa ni Kila Jumamosi

Mwaka jana nilialikwa kwenye Onam, sikukuu ya mavuno ya jimbo la Kerala, kusini mwa India, na chama cha Wamalayali, yaani watu wa jimbo hilo, wa mji wetu hapa Uingereza. Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili baada ya Thiruvonam yenyewe, siku ya kilele cha Onam, kupita, kwa sababu wanachama wengi ni wauguzi na hakuna aliyeweza kuikwepa zamu yake. Nilitandikiwa jani la mgomba, nikapakuliwa wali, sambar (mchuzi wa dengu na mboga), avial (mboga za nazi), achari ya embe, na mwisho payasam, kitindamlo chao kitamu cha maziwa. Nazi ilinukia hadi nikaikumbuka Tanga. Dada tunayefanya naye kazi wodini, ambaye sote tunamwita Chechi kama wenzake wanavyomwita dada mkubwa, aliniambia mama yake huko Kerala anakuna nazi akiwa amekalia kibao chenye meno ya chuma. Nikamwambia, "Hiyo ni mbuzi, dada! Hata kwetu ipo." Tukashikana mikono kama ndugu waliopotezana.

Meza yetu ilikuwa na Mhindu, Mkristo na Muislamu, na wote walikuja kumpokea mfalme mmoja, Mahabali, ambaye kwa masimulizi yao hurudi mara moja kwa mwaka kuwajulia hali watu wake. Hilo nalipenda mno. Ugenini watu wa kwao hugawanyika upesi, kila dini na ukumbi wake, na hawa wamekataa.

Wala si watu wa kula tu. Bahrain Keraleeya Samajam, chama chao cha huko Bahrain, ipo tangu 1947, kabla Kerala yenyewe haijawa jimbo mwaka 1956. Na Agosti 2018, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 400 huko kwao, vyama vingi vya ughaibuni viliifuta Onam na kuchangisha fedha za msaada.

Ila kuna jambo linalonikera, na Chechi nimemwambia waziwazi. Siku ya karamu ukumbi ulifurika. Darasa la lugha yao, Kimalayalam, ambalo yeye hulifundisha kila Jumamosi asubuhi, lina watoto tisa, nalo hukaa kwenye chumba kidogo kinachowekwa viti vibovu. Fedha za chama huishia kwenye spika, taa na mavazi ya ngoma. Darasa hupewa kinachobaki.

Mimi ningeanza na darasa. Mtoto anayecheza ngoma yao ya Thiruvathira vizuri lakini hawezi kuzungumza na bibi yake atakuwa mgeni kwao siku akienda. Serikali ya Kerala ililiona hilo, ikaanzisha Malayalam Mission, mpango wa kufundisha lugha hiyo, mwaka 2009 kwa ajili ya watoto wanaokulia nje, na ngazi zake za masomo zikapewa majina ya maua. Ya juu kabisa ni Neelakurinji, ua la milimani linalochanua mara moja katika miaka 12. Waliochagua jina hilo walijua lugha haivunwi kwa msimu mmoja.

Nasema haya nikiwa na uchungu wangu. Binti yangu anakielewa Kiswahili, lakini nikimsemesha hunijibu kwa Kiingereza. Sisi Waswahili wa mji huu tuna harusi na pilau, darasa hatuna. Ndiyo maana kile chumba chenye watoto tisa nakionea wivu.

Jumamosi moja nilimpitia Chechi pale kabla hawajamaliza. Msichana wa miaka minane hivi alikuwa amempigia bibi yake simu ya video, anamsomea neno aliloliandika: mazha, yaani mvua. Sauti ile ya katikati ni ngumu, ulimi lazima urudi nyuma mdomoni. Alikosea. Bibi akaitamka taratibu, mtoto akarudia, akakosea tena. Mara ya nne ikatoka sawasawa. Bibi hakusema kitu. Aliinuka, akaisogeza simu dirishani, na chumba kizima kikanyamaza kuisikiliza mvua ya Kottayam.