Mwacheni na Treni Zake

Kuna adhabu moja inayotumika sana majumbani na shuleni hapa Kisumu, na wanaoitoa hawaioni ubaya. Mtoto mwenye usonji (autism) akikosea, ananyang'anywa kile kitu kimoja anachokipenda kuliko vyote. Daftari la michoro ya treni linafungiwa kabatini ofisini mpaka atulie. Hatulii. Akilia, kilio nacho kinahesabiwa kosa la pili.

Naandika kwa sababu mpwa wangu ni mtu wa treni. Mwamkue asubuhi, huenda asikuitikie. Mwulize treni ya Nairobi inapitia wapi uone: Kibos, Miwani, Kibigori, Chemelil, Muhoroni, Koru, Fort Ternan, na hivyo hivyo mpaka Nakuru, ukimkatiza anaanza upya Kibos. Anajua reli ilifika ziwani Desemba 1901 na mahali pakaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Treni ya abiria iliporejea Kisumu Desemba 2021 baada ya miaka mingi ya kimya, kwetu Krismasi ilikuja mapema.

Kupenda jambo moja kwa nguvu kupita kawaida ni miongoni mwa dalili ambazo wataalamu huangalia wanapotambua usonji. Daktari wa akili wa watoto Leo Kanner, katika makala yake ya 1943, alieleza habari za mtoto aliyefurahia kuzungusha chochote kilichoweza kuzungushwa. Nadhani hapo ndipo tulipoteleza. Jambo likishaandikwa kwenye orodha ya dalili, watu hulichukulia kama homa: lishushwe. Mwaka 2005 mtafiti Dinah Murray na wenzake walitoa maelezo yanayoniingia akilini zaidi, kwamba umakini wa mtu mwenye usonji humiminika kwa wingi katika mambo machache kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kumng'oa hapo ghafla kunamuumiza, na ndiyo maana pia akiwa hapo hujifunza kwa kasi ambayo darasa zima haliifikii.

Najua mwalimu ana watoto sitini mbele yake, na mtaala wa umilisi unaosema kila mtoto afuate uwezo wake haukumletea msaidizi. Lakini treni hazidai bajeti. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, reli mpya ya SGR 1,435. Hilo tayari ni zoezi la kutoa. Majina ya vituo ni kusoma. Kadibodi na vifuniko vya soda ni mabehewa. Kwa wasichana kazi ni kuona kwanza: msichana anayejua kila mtindo wa kusuka nywele, na hataki mazungumzo mengine, watu husema tu ni msichana. Hakuna anayewaza usonji.

Ila kuna upande wa pili, na hapa nitawaudhi hata wanaoniunga mkono. Tukishagundua kwamba treni zinamfungua mtoto, tunazivamia. Kila hesabu treni, kila insha treni, kila anapochora kuna mtu mzima amesimama nyuma yake akiuliza behewa hili lina magurudumu mangapi. Mpwa wangu alianza kuficha daftari lake chini ya godoro, na sikumlaumu. Wewe shabiki wa Gor Mahia, ungefurahia mechi iwapo kila bao mtu anakusimamisha ujumlishe namba za jezi? Sehemu ya penzi hilo ibaki yake, isiyo na mtihani wala faida. Ndiyo maana swali la wageni, "Kwa hiyo atakuwa dereva wa treni?", linanichosha. Mtoto wa miaka minane hadaiwi kazi.

Mipaka ipo. Mtoto anayependa treni ataifuata reli, na anayependa maji ataelekea ufuko wa Dunga bila kuaga. Kukataza tu hakusaidii, kwa maana atakwenda siku ambayo hukumwona. Mpeleke wewe, siku inayojulikana, mwonyeshe pa kusimama, na sheria iwe ile ile kila mara. Mezani pia tumekubaliana: treni baada ya chakula, na bibi yake ana ruhusa ya kusema "sasa nimeshiba treni". Analielewa hilo vizuri kuliko kukemewa.

Kwa mama aliyeniuliza afanye nini shule ikishikilia daftari: nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Mwambie mwalimu wa darasa kwamba daftari hilo ndilo linalomtuliza, na mwombe achague adhabu nyingine, au bora zaidi, aangalie kwanza kilichomvuruga mtoto: kengele, kelele za foleni ya chakula, sweta inayowasha. Mpelekee daftari la pili, dogo, likae mfukoni mwa mtoto.

Na usinunue vitabu vingi vya treni kwa mkupuo. Kabla ya treni kwetu zilikuwa feni. Tulizijua zote, kuanzia ya kanisani hadi ya kinyozi wa Kondele. Wiki hii naona anasimama muda mrefu kidogo kwenye mita ya maji.