Msimtumie George Eyser kumsimanga mgonjwa

Juzi ndugu yetu mmoja katuma picha kwenye grupu la familia. George Eyser, mwanajimnastiki wa zamani, mguu wa kushoto wa mbao, medali 6 za Olimpiki kwa siku moja. Chini kaandika: "Mjomba, huyu hakukata tamaa. Wewe je?" Mjomba kakatwa mguu mwezi wa nne kwa ajili ya sukari. Hasira haijanitoka hadi leo.

Eyser mwenyewe namvulia kofia. Mzaliwa wa Kiel, Ujerumani, akahamia Marekani, akawa karani wa hesabu St. Louis. Mguu uliondoka na treni. Tarehe 29 Oktoba 1904, Olimpiki ikifanyika hapohapo St. Louis, alipanda kamba ya futi 25 kwa sekunde 7, dhahabu. Kwenye fito mbili sambamba, dhahabu. Akaruka farasi wa mbao, kile kifaa cha kurukia, akagawana dhahabu na Anton Heida. Hebu tafakari huo mruko: kujirusha, kisha kutua na mguu wa mti. Sawa, karibu wapinzani wake wote walikuwa Wamarekani wenzake. Bado ni maajabu.

Ila wanaosambaza picha hawasemi habari ya Julai. Haikufika hata miezi minne kabla, mji uleule, Olimpiki ileile, mtu yuleyule alishika nafasi ya 71. Kwa nini? Kwa sababu siku zile jimnastiki ilichanganywa na mbio za yadi 100, kuruka chini na kurusha tufe, na alama zote zikajumlishwa pamoja. Kwenye vifaa vya jimnastiki peke yake, kama fito na farasi, alikuwa wa 10. Kwenye riadha alikuwa mkiani kabisa. Oktoba wakaondoa riadha, vikabaki vifaa, na karani yule akawa bingwa. Jamani, moyo wake ulikuwa uleule Julai na Oktoba! Bidii ileile, mikono ileile. Kilichobadilika ni kipimo. Angekuwa ameishia Julai, nani leo angetuma picha yake kwa mgonjwa? Tungeambiwa ni mlemavu aliyejaribu akashindwa, basi.

Na mji huohuo, Agosti, waliwachukua watu waliokuwa wakionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia, wakiwemo Wabatwa kutoka Kongo, wakawakimbiza na kuwarushisha vitu ambavyo hawakuwahi kufunzwa, kisha wakaandika kwamba watu hawa ni duni. Hilo linanichoma kama la mjomba.

Ndiyo, najua wapo waliopewa nguvu na hadithi ya Eyser. Mgonjwa akiitafuta mwenyewe, ni haki yake. Kumtupia usoni wiki chache baada ya kutoka wodini, huku hata hujaenda kumjulia hali, ni jambo jingine.

Mjomba aliitazama picha muda mrefu. Hakukasirika kama mimi. Aliniuliza kitu kimoja: "Na huyu, alikuwa anafikaje huko uwanjani?" Sikuwa na jibu.

Alhamisi nikampeleka kliniki. Tulisimama kituoni tangu saa moja kasoro. Konda akiona magongo anagonga bodi, gari linaondoka. Daladala ya nne ndiyo iliyosimama, na ni kwa sababu mama mmoja muuza maandazi aliingia barabarani akaizuia kwa mkono.