Kristo Mhenga: Nyamiti asikilizwe kwanza

Mwite Kristo mhenga wetu mbele ya waumini, na wa kwanza kunyoosha mkono atauliza kama sasa tunarudi kwenye mizimu. Swali hilo si la kubezwa. Neno mzimu huja na pango, kafara na hofu, na mtu aliyeacha hayo yote kwa ajili ya Injili ana haki ya kushtuka. Lakini wengi wanaoipinga hoja hii hawajaisikia kama mwenyewe alivyoisema.

Mwenyewe ni Charles Nyamiti, padri wa Tabora aliyefundisha miaka mingi Nairobi. Kitabu chake juu ya Kristo kama mhenga wetu kilitoka Gweru, Zimbabwe, mwaka 1984. Anamtambua mhenga kwa mambo matano: undugu, hadhi takatifu inayopatikana kwa kifo, upatanishi, mfano wa mwenendo mwema, na haki ya kukumbukwa na kusemeshwa na walio hai. Akimtazama Kristo, anayakuta yote matano, tena kwa kipimo ambacho hakuna babu aliyewahi kukifikia.

Kwangu mimi uzito uko kwenye undugu. Ingia nyumba ambayo mtoto amepewa jina la babu yake marehemu. Bibi humwita "mume wangu", humwekea finyango lake pembeni, na mtoto wa miaka minne huitika bila kushangaa. Katika nyumba hiyo kaburi halijakata kitu. Ndiyo maana Nyamiti anamwita Kristo Kaka-Mhenga: kwa ubinadamu wake ni mzao wa Adamu kama sisi, na kwa Umungu wake ni Mwana wa Baba, anayetushirikisha uana huo. Nafsi moja, asili mbili. Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano wa maaskofu wa mwaka 451 uliofundisha hivyo, haujaguswa hata kidogo, na Waraka kwa Waebrania ulikwisha kusema kwamba "haoni haya kuwaita ndugu zake".

Wapo wasemao jina hilo halimo katika Maandiko. Ni kweli, kama lisivyokuwamo neno la Kigiriki ambalo mababa wa Mtaguso wa Nisea walilitumia mwaka 325 kusema Mwana ana umungu mmoja na Baba. Na sisi tunaosali kwa Kiswahili tunaungama Nafsi tatu kwa neno lililotoka Kiarabu, ambalo mtaani ni la mtu anayesema nafsi inamsuta. Katekesi ililichukua, ikalifundisha, na leo halimshtui mtu.

Pingamizi la kwamba mhenga ni mfu na Kristo amefufuka halinisumbui sana, maana anayemkumbuka mhenga hamhesabu kuwa amekwisha. Lina nguvu zaidi lile la kijana wa mjini asiyejua hata kaburi la babu yake liko wapi: kwake picha hii inahitaji kufafanuliwa kabla haijamfafanulia lolote.

Linaloninyima raha ni ukoo. Tarehe 10 Aprili 1994 maaskofu walifungua Sinodi ya Afrika huko Roma, na humo wakalichagua jina la Kanisa kama Familia ya Mungu. Siku tatu kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ya wabatizwa wengi. Ntarama na Nyarubuye watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa kama wao. Kila ninaposoma kurasa nzuri juu ya undugu wa damu, tarehe hizo mbili hunirudia. Damu ya nani? Mhenga wa kawaida ni wa ukoo wake, na wa ukoo wa jirani hamhusu.

Jibu lipo. Nyamiti anaupeleka undugu hadi kwa Adamu, ambaye hakuna kabila liwezalo kumdai peke yake. Mkongo Bénézet Bujo naye anamwita Kristo Mhenga wa Asili, chanzo na kipimo cha wahenga wote. Kwa hiyo picha hii, ikifundishwa kwa ukamilifu, inavunja mpaka wa ukoo. Hofu yangu ni kwamba nusu ya kwanza, ile ya undugu wa damu, ni tamu na hukaa upesi masikioni, na hii ya pili huachwa kwa wanaseminari. Mimi ningepewa darasa la katekesi, ningeanza na Adamu, nifuate na Kaka, ndipo nilitaje neno mhenga.