Hawa kunguru tuliwaachia wenyewe

Juzi tumekaa baraza hapa Malindi, kahawa iko mkononi, watu wabishana kuhusu kunguru. Mzee mmoja akasema, "Si walitiwa sumu zamani hawa, ikafaa nini? Waangalie hapo juu ya mkungu walivyojaa." Wote wakaitikia, hata wale vijana ambao hio zamani walikuwa hawajazaliwa. Naandika kwa sababu ya hilo neno tu, maana nalisikia kila pembe na mimi naona limekaa kichwa chini miguu juu.

Kilicholeta mjadala ni lile tangazo la KWS, shirika la sirikali la wanyamapori Kenya, la Juni 2024, kwamba watauwa kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Ukafunguka mdomo. Wengine wakalia ukatili, wengine wakaogopa sumu, na wengi zaidi wakacheka tu, ati sirikali iliyoshindwa na taka za soko ndio itamuweza ndege mwenye akili kama yule.

Historia yake hata sirudii sana, twaijua. Huyu mwenye shingo ya kijivu si yule wetu mwenye kisibau cheupe, huyu ni wa Bara Hindi, aliletwa Unguja mwisho mwisho wa karne ya 19 ale taka, 1947 akawa ashafika Mombasa, kutoka hapo akaifuata pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wenyeji, anabeba vifaranga mchana kweupe, na hotelini anashuka mezani kabla mgeni hajashika uma.

Sasa turudi kwa hio sumu ya zamani. Yaitwa Starlicide, na Malindi na Watamu ilitumika kweli, watu wa uhifadhi na wenye mahoteli wakishirikiana. Kazi yenyewe si kumwaga sumu ovyo kama watu wanavyodhani. Unawazoesha kwanza, siku kadhaa unawawekea nyama safi pahali pamoja na wakati uleule, mpaka waje wenyewe kama wanafunzi wa chuo, alafu siku moja nyama ile inakuwa na dawa, na mtu anakaa pale kuangalia asiingie ndege mwengine. Kunguru hafi palepale. Anaruka zake, anaenda kulala, na baada ya masaa kumi na mbili hivi au zaidi ndio anaanguka, na kufikia hapo mwili wake umeshaivunja sumu nyingi, kwa hivo paka au mwewe atakaekula mzoga hayuko kwenye hatari kama ile ya sumu za shambani. Na huko kuchelewa ndio ujanja wenyewe, maana kunguru akimuona mwenzake amekufa kwenye chambo hatarudi tena, ndio maana mitego inanasa mwanzo mwanzo kisha wanaizoea wanaikalia juu wanakucheka.

Ikapunguza? Ilipunguza sana. Watu waliokuwa Watamu wakati huo watakwambia ulikuwa waweza kumaliza siku nzima usisikie "kaa" hata moja. Alafu 2005 ruhusa ya kuingiza dawa ikasimamishwa, na kazi ikasimama papo hapo.

Hapa nataka mtu anifanyie hesabu pamoja. Tuseme walibakia 200 tu, sijui kama ni wangapi, hii ni hesabu ya karatasi. Jike hutaga mayai manne matano, lakini tuwe wapole, tuseme wengi wanakufa na idadi yao inaongezeka mara mbili kwa kila miaka miwili. Baada ya miaka miwili ni 400, baada ya minne ni 800, miaka kumi ni 6,400. Mpaka hapo hata hujaanza kulalamika, wawaona wawaona tu. Ongeza miaka kumi mengine uone, ni 204,800. Na kutoka 2005 mpaka lile tangazo la 2024 ni miaka mingapi? Kumi na tisa. Yaani muda tuliokaa bila dawa ni karibu uleule unaotosha kutoa kunguru wa mti mmoja ukapata wa wilaya nzima, kisha tukifika mwisho twasema "sumu haikufaa". Ni kama mtu aache dawa za presha miezi sita, akianguka aseme dakitari ni muongo.

Na hesabu hiohio ndio inanifanya niiogope ile milioni moja. Milioni ni namba tamu ya gazeti, lakini haina maana yoyote kwa yule ndege. Ukiuwa milioni ukabakisha elfu kumi na ukafunga mradi, umenunua muda tu. Namba ninayoitaka mimi ni ya waliobaki, wako wapi, na nani atarudi mwezi ujao kuwafuata. Zanzibar waliwapunguza mno miaka ya 90, ufadhili ukakatika, leo nenda uangalie juu. Seychelles waliwamaliza, kwa sababu walikuwa wachache na hawakuacha mpaka wa mwisho.

Wanaopinga wana lao, na siwadharau. Nchi hii imeona simba na tumbusi wakifa kwa Furadan, ile sumu ya wadudu wa shambani, kwa hivo mtu akiskia sumu na ndege kwenye sentensi moja ana haki ya kushtuka, na kusema "wataalamu wasema ni salama" haitoshi, inataka mtu wa kusimamia kila chambo na sio kibarua aliyeachiwa ndoo. Kuna na hoja ya taka, na hii ndio nzito kuliko zote: kunguru aliletwa kula taka na taka bado ziko, jaa liko wazi, matumbo ya samaki yamwagwa ufuoni, basi ukimuuwa huyu unamwekea mwengine meza. Kweli kabisa. Lakini nimeona hoja hii inatumika kama kisingizio cha kutofanya lolote, tusubiri taka ziishe ndio tuanze, na wote twajua taka haziishi kesho. Na ukatili je? Wazee wa madrasa watakukumbusha kunguru yumo kwenye wale viumbe watano walioruhusiwa kuuliwa hata ndani ya Haram, na papo hapo watakukumbusha ndiye aliyemfundisha mwana wa Adam kumzika nduguye. Mimi nabaki na makinda ya ndege wetu chozi, na hao nao wanaumia.

Basi nchi ina uwezo ama haina? Ripoti kubwa ya 2023 ya IPBES, lile jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe hai, ilisema nchi 80 kwa 100 zimeandika malengo kuhusu viumbe vamizi kwenye mipango yao, lakini zenye sheria mahsusi ni 17 kwa 100. Kenya kwa karatasi haiko pabaya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina jedwali zima la viumbe vamizi, kuna KEPHIS, wakaguzi wa mimea, mipakani, kuna bodi ya viuatilifu, kuna watafiti wanaojua kazi. Kwa hivo ukinambia hatuna ujuzi nakataa, ujuzi ulikuwa hapahapa Watamu. Kinachokosekana ni kitu cha kuchosha: mshahara wa mtu mmoja wa kuhesabu viota mwaka wa saba, wakati hakuna kamera wala waziri.

Angalia mti wa mathenge, nao ni mvamizi. Uliingia 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, baadae ukapandwa kwengi kwa nia njema, na kufika 2006 watu wa Baringo wakaenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno kuonyesha mti umewafanyia nini. Leo nenda Tana River uone. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo, wale wadudu wa kulila walipoachiliwa miaka ya 90 lilipungua kweli, watu wakashangilia, likarudi.

Mama mmoja jirani yangu hafuati mambo ya ripoti. Ana vifaranga kumi na mmoja, amewafunika kwa tenga na juu yake wavu mkuukuu wa jarife, na kila akitaka kwenda sokoni anamwambia mjukuu akae hapo na fimbo. Nilipomwambia sirikali inakuja kuwauwa kunguru aliniuliza, "Watakaa hapa mpaka lini?"