Talaka Yangu Wanaijua Wote, Karatasi Ndiyo Haionekani

Jamani, talaka yangu ina miaka 11 sasa. Siku ilipotoka, sijafika hata mlangoni kwangu, jirani tayari ananipa pole. Fundi viatu naye pole. Mtu ambaye sijawahi kumsalimia akanisimamisha njiani kunieleza mkosaji alikuwa nani. Leo nataka kuoa tena, msajili wa ndoa ananikazia macho: "Mzee wangu, uthibitisho kwamba mliachana uko wapi?" Nikamwambia amuulize mtu yeyote. Akasema mtu yeyote hana muhuri.

Nakala yangu niliiweka mahali salama. Mnapajua mahali salama: hata mwenyewe huwezi kupafikia.

Usiku nikaingia intaneti. Tovuti ya kwanza ikaniahidi kumbukumbu za talaka bure kabisa. Nikajaza jina, nikajaza mwaka wa kuzaliwa, kiduara kikazunguka weee, kisha maandishi mekundu: "Tumepata taarifa nzito kuhusu mtu huyu." Moyo ukanipasuka, utadhani huyo mtu si mimi. Nikabonyeza. Wakaomba namba ya kadi ya benki. Sasa hiyo bure ni ya nani? Na hata ningelipa, wale ni waokotaji tu, wanazoa taarifa huku na kule na kuziuza. Ukimpelekea msajili karatasi yao, atakurudisha ulikotoka.

Nikaamua nisome shida za wenzetu, angalau nijifariji. Uingereza, kabla ya 1858, aliyetaka talaka ya kumruhusu kuoa tena ilibidi Bunge limtungie sheria yake peke yake! Hebu ona: waheshimiwa wameketi, wanajadili nani alimnunia nani jikoni. Aibu, lakini hiyo karatasi haipotei. Huko Marekani, ofisi ya jimbo la California ina kumbukumbu za talaka za 1962 hadi Juni 1984 tu. Ukiachana nje ya hapo, kaulize mahakama ya kaunti ilikotolewa talaka. Lakini kiboko ni New York. Jalada la talaka linafungwa miaka 100, na kabla ya hapo anayelifungua ni wahusika na mawakili wao, au mwenye amri ya mahakama. Miaka 100! Siri yangu haikumaliza dakika 100.

Nilichoambulia usiku ule ni kimoja: nenda kwenye mahakama iliyotoa talaka. Usiende ulikofungia ndoa wala iliyo karibu na kitanda chako. Nikapanda gari.

Masjala nikamkuta karani, binti mwenye heshima ile inayouma.

"Baba, namba ya jalada?"

Sina.

"Mwaka?"

Nikataja. Nikakosea. Mimi naukumbuka kama mwaka ule paa lilipovuja, ila rejista haina safu ya mapaa.

"Aliyefungua shauri ni nani?"

"Ni yeye."

"Basi tutafute kwa jina lake, baba. Wewe ni mdaiwa."

Yaani nimetoka alfajiri kutafuta talaka yangu mwenyewe, na humo ndani nimewekwa nyuma. Tukatafuta. Jina lake halipo. Tukajaribu langu, halipo. Saa nzima inakatika, binti ananiuliza kwa upole, "Kwani baba, unaliandika kwa r au kwa l?" Kumbe aliyeliingiza wakati ule aliliandika kama anavyolitamka yeye. Miaka 11 aliyeachika ni mtu mwingine kabisa, mimi bado nina mke.

Jalada likapatikana. Binti akapuliza vumbi, likanijia mimi usoni, akaniuliza nataka nini: hati ya talaka au hukumu nzima? Hati ni ukurasa mmoja: majina, tarehe, mahakama, basi. Hukumu ina kurasa 14 na inalipiwa kwa ukurasa, ina mgawanyo wa mali na yote yaliyosemwa. Nikamuuliza ipi ina uzito zaidi. Akazipima mkononi, akacheka, akasema kurasa 14.

Mimi huyo nikachukua zenye uzito! Nikalipia kila ukurasa, kila ukurasa ukagongwa muhuri. Karani alinishauri jambo moja la maana, kwamba nihakikishe amri ni ya mwisho, maana wengine hubeba ile ya muda na kisheria bado wameoana. Yangu ilikuwa ya mwisho. Nikatoka kifua mbele.

Msajili akafunua, akasoma ukurasa wa mwisho, akanirudishia. Alichotaka kiko kwenye ile hati ya ukurasa mmoja.

Zile 13 zilizobaki? Mjomba wa mchumba wangu akaomba "kuzipitia tu". Akavaa miwani. Akazisoma kwa sauti, sebuleni, mbele ya ukoo. Ukurasa wa 4, mdaiwa anakoroma. Ukurasa wa 6, mdaiwa habishani ila ananuna siku tisa. Ukurasa wa 9, mahakama inaamuru mdaiwa amrudishie mdai cherehani yake.

Hapo mchumba akageuka taratibu, akaiangalia cherehani niliyompa zawadi ya uchumba.

"Mjomba," akasema, "hebu rudia hapo."