Darasa la nne ndilo lenye kazi

Makala inasema mtoto wa mgeni akifika Ujerumani anaingizwa shule na mambo yanajipa yenyewe. Sio kirahisi hivyo, ndugu mwandishi. Kwanza hakuna mfumo mmoja: majimbo 16, kila jimbo na utaratibu wake. Mimi niko Bavaria. Huku mtoto akimaliza darasa la nne, na miaka yake kumi hivi, anapangiwa njia: Gymnasium (sekondari ya kuelekea chuo kikuu), Realschule (ya kati) au Mittelschule (ya kuelekea zaidi kazi za ufundi). Kwenda Gymnasium anatakiwa wastani wa 2.33 kwenye Kijerumani, hesabu na somo la mazingira na jamii. (Na huku 1 ndiyo alama ya juu, 6 ndiyo ya mwisho. Jirani yangu alimpongeza mwanawe kwa kuleta 5!) Sasa mtoto aliyetua darasa la tatu, hata kuomba ruhusa ya chooni hajui, atashindana vipi? Berlin afadhali, wanasubiri mpaka la sita. Ila wazazi, mkiambiwa Mittelschule msiangue kilio. Kutokea hapo kuna Ausbildung, unasoma huku uko kazini na kila mwezi unalipwa. Vikao vya wazazi nendeni, hata kama Kijerumani chenu ni cha kuokoteza.