Nyambizi Iliyofungwa Gatini

Kila picha ya nyambizi ikirushwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ubishi ni uleule. Mmoja anauliza sisi tunangoja nini kununua yetu. Mwingine anamjibu kwamba zahanati ya kwao haina hata panadol. Wanarushiana maneno mpaka usiku, kisha mtu anatupia video ya harusi na habari inaishia hapo. Mimi huwa nasoma tu na kunyamaza. Leo nimeamua kusema, kwa sababu wote wawili wanabishania kununua, na kununua ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Tuiangalie Afrika Kusini. Ukiacha Misri na Algeria kule kaskazini, ndiyo nchi pekee barani yenye nyambizi. Inazo tatu, aina ya 209 kutoka Ujerumani, na zote zina majina ya wanawake: Manthatisi, malkia wa Batlokwa; Charlotte Maxeke, aliyesoma chuo kikuu Ohio na kurudi kwao na shahada mwanzoni mwa karne ya 20; na Modjadji, malkia wa Balobedu anayeaminiwa kuleta mvua. Katika mkataba wa silaha wa 1999 ulioleta nyambizi hizi, uliogharimu takriban randi bilioni 30 kwa bei za wakati ule, zilinunuliwa pia manowari nne: Amatola, Isandlwana, Spioenkop na Mendi. Hii ya mwisho imerithi jina la meli iliyogongwa ikazama karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, tarehe 21 Februari 1917, ikaondoka na Waafrika zaidi ya 600. Walikuwa njiani kwenda Ufaransa kufanya kazi za vibarua vitani, maana mtu mweusi bunduki hakukabidhiwa.

Rushwa ya mkataba ule imesemwa sana, sitairudia yote. Mwaka 2005 Schabir Shaik, mfanyabiashara aliyekuwa mshauri wa fedha wa Jacob Zuma, alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na Rais Mbeki akamwachisha kazi Zuma, aliyekuwa makamu wake. Lakini rushwa, kwa ubaya wake wote, haifanyi chuma kiote kutu. Kutu ina sababu nyingine.

Niliwahi kufika Simon's Town, kwenye kambi kuu ya wanamaji wao. Treni kutoka Cape Town ikishapita Muizenberg inabanwa kati ya mlima na bahari, na siku ya upepo rasharasha za chumvi zinagonga kioo. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa mtelemkoni. Waingereza waliikabidhi kambi mwaka 1957, lakini mbwa wao wamemwacha: Just Nuisance, jibwa kubwa lililokuwa likipanda treni bila tiketi na kufuata mabaharia kila waendako. Watu wa reli walipochoka nalo, mwaka 1939 jeshi likaliandikisha rasmi kuwa baharia, ili lisafiri bure. Sanamu yake iko uwanjani, na watoto wanapanga foleni kupiga nalo picha.

Wakati huo nyambizi ya zamani, Assegaai, ilikuwa bado inaelea gatini kama makumbusho. Ilijengwa Ufaransa, ikaanza kazi 1971 na kustaafu 2003. Unaingia kwa tundu la mviringo, unashuka ngazi ya chuma iliyosimama wima. Mabega yangu yaligusa pande zote mbili, na mimi si mtu mnene. Harufu ya dizeli ilikuwa bado imeganda kwenye kuta, ijapokuwa injini zilikuwa zimezimwa miaka mingi. Watu kama hamsini waliishi humo, kitanda kikiwa hakijapoa kabla mwingine hajakilalia. (Kwa vijana wetu wa Bongo wanaolala chini ya madaraja ya Cape Town, kuzamia ni jambo jingine kabisa: ni kujificha ndani ya meli ya mizigo na kuomba Mungu. Lakini baada ya dakika ishirini ndani ya Assegaai niliona tofauti si kubwa kiasi hicho.)

Mzee aliyetutembeza alikuwa amewahi kufanya kazi humo. Nilitaraji aanze na mirija ya torpedo, maana ndiyo kila mtu aliyoijia. Yeye alitupeleka kwenye valvu. Akaanza kuzigusa moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu wajukuu, akieleza kwamba kila moja ilikuwa na kumbukumbu zake: ilifunguliwa lini, mpira wake ulibadilishwa lini, nani alitia sahihi. Fikiria kwamba ukishuka mita 200, maji yanakubana kwa kilo 20 hivi kwenye kila sentimita moja ya mraba. Mpira uliochoka hapo haukupi muda wa kutubu.

Nikamkumbuka marehemu mjomba wangu, aliyekuwa na jahazi Tanga. Bamvua, yaani maji makuu, likifika alikiacha chombo kipwelewe, maji yakishatoka anakwangua magamba na mwani, anatia kalafati penye nyufa, anapaka deheni ya chokaa na mafuta chini, na ubavuni anapaka sifa, yaani mafuta ya papa. Siku hizo nyumbani hakukaliki kwa harufu ya yale mafuta ya papa. Mtu akipita na kumpongeza kwa chombo kizuri, mjomba alikuwa na jibu lake: chombo hakitaki kusifiwa, kinataka kupakwa sifa.

Sasa, wanaosema nyambizi za Afrika Kusini zilikuwa upuuzi tangu mwanzo, mimi sikubaliani nao. Septemba 2007 kundi la meli za NATO lilifanya luteka, yaani mazoezi ya kivita, na wanamaji wa nchi hiyo kwenye maji ya Cape. Manthatisi, ikiwa bado mpya, ikazikwepa meli zote zilizokuwa zikiitafuta, na kwa hesabu za mchezo ule ikazizamisha moja baada ya nyingine. Nyambizi ya namna hii ni ya dizeli na umeme. Ikiwa juu inawasha injini na kujaza betri, ikizama inatembea kwa betri peke yake, na hapo kelele zake karibu hazipo. Ina urefu wa mita 62 na mabaharia thelathini hivi. Mabaharia thelathini wa Kiafrika waliwatoa jasho wakubwa wa dunia, na habari hiyo kwetu haikuvuma hata robo ya inavyovuma goli la Chelsea.

Tatizo ni yaliyofuata. Manthatisi yenyewe ilikaa nje ya kazi kwa miaka, mpaka ukarabati wake ulipokamilika 2014. Bajeti ya ulinzi imeshuka chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Wanamaji walijiwekea lengo la kuwa baharini saa 12,000 kwa mwaka, meli zote zikijumlishwa, na wakawa wanalikosa. Hilo la saa ndilo linaloniuma zaidi. Chuma kikikaa unaweza kukisugua ukirudi na fedha. Lakini nahodha wa nyambizi hapatikani kwa kusoma vitabu, na asiyezama mwaka huu na mwaka kesho atatafuta kazi kwenye meli za mafuta za watu wengine, aondoke na elimu yote kichwani.

Ilipofika 2023 nyambizi iliyokuwa ikiweza kwenda baharini ilikuwa moja, Manthatisi ileile. Tarehe 20 Septemba mwaka huo, karibu na Kommetjie, helikopta ilikuwa ikiishushia mizigo pale wimbi kubwa lilipowakumba watu saba waliokuwa juu ya sitaha na kuwatupa majini. Watatu walikufa. Mmoja wao alikuwa Gillian Hector, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa afisa mwongoza njia wa nyambizi. Sisemi walikufa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Bahari ya Cape haihitaji msaada wa mtu ili iue. Ila ukijua inachukua miaka mingapi kumfikisha mtu mmoja kwenye kiti kile, unaelewa nchi ile ilipoteza nini siku moja.

Na haya si mambo ya wenyewe peke yao. Maharamia walipoiteka meli ya uvuvi Vega 5 kwenye maji ya Msumbiji Desemba 2010, ni manowari za Afrika Kusini, Mendi ikitangulia, zilizokwenda kulinda mlango ule wa bahari. Mwaka 2012 Tanzania ilitia sahihi makubaliano na nchi hizo mbili kushirikiana kwenye doria. Na mwishoni mwa 2023, meli za mizigo zilizoogopa makombora ya Bahari ya Shamu zilianza kuzunguka Cape kwa wingi, mbele ya pwani ya karibu kilomita 3,000, na wenye pwani wana manowari zinazongoja vipuri.

Mimi kilichonipa moyo ni meli tatu za doria zilizojengwa Cape Town kwenyewe, ya kwanza ikiwa King Sekhukhune I, iliyokabidhiwa 2022. Hazitishi mtu kwenye picha. Lakini ikiharibika pampu, aliyeifunga yuko mtaa wa pili, na pengine bado anakumbuka alivyoifunga. Basi kwenye kundi letu, akitokea tena wa kuuliza tunangoja nini, namwomba kwanza anitajie chelezo, yaani mahali pa kutengenezea meli, kitakachoipokea hiyo nyambizi, na fundi wa betri ni mtoto wa nani.

Siku ile Simon's Town, nikielekea stesheni, nilisimama kidogo penye uwazi wa kuonea gati. Ubavuni mwa manowari moja ya kijivu kulikuwa na baharia kijana amekaa juu ya ubao ulioning'inizwa kwa kamba, anagonga kutu kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, anafuta kwa kiganja, anasogea shubiri moja, anaanza tena. Nilimtazama mpaka treni ikapiga honi. Alikuwa hajamaliza hata herufi ya kwanza ya namba ya meli.